Msijichagulie Kozi, Kituo Kipo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa bahati njema ni mimi mwenyewe baada ya mgeni rasmi halisi kupata udhuru. Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati ya Maandalizi, Wajumbe wa Kamati Ndogo ya Kamati ya Maandalizi, na yule mjumbe mmoja ambaye hadi sasa hajapata kamati. Walimu wakuu, walimu wakuu wasaidizi na walimu wa kawaida. Wazazi mliokaa na wazazi mliokosa viti. Vijana wetu mliomaliza shule, ambao ndio viongozi wa kesho, kwa hiyo leo mtanivumilia. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi. Kipaza sauti kinapiga yowe.)

Naomba nianze kwa kujipongeza. Nimesimama hapa, kama Mkurugenzi, kuzindua Kituo Jumuishi cha Uchambuzi wa Vipaji na Uelekezaji wa Kimkakati wa Fani za Vyuo Vikuu, ambacho sisi wataalamu tunakiita Kituo tu, kwa sababu ya pumzi. Kituo hiki, chenye mfumo wa kidijitali, programu tambuzi, data za kutosha na mapazia ya bluu, kitampokea kijana aliyechanganyikiwa kwa mlango wa mbele na kumtoa kwa mlango wa nyuma akiwa na fani. (Makofi.) Ndiyo maana, kupitia tangazo langu lililosomwa katika kila shule, niliagiza kijana yeyote asijaze maombi ya chuo kikuu kwa kujiamulia, wala kwa kushauriwa na shangazi, hadi Kituo kizinduliwe; nami nafarijika kuona mmetii, kwani mmejaa humu na simu mikononi, na hakuna aliyejaza chochote. (Minong'ono.)

Machungu ya kuchagua bila mwongozo wa kitaalamu nayajua, maana mimi ni mhanga. Siku ya usajili chuoni nilikuta foleni mbili, ya udaktari ikiwa juani na ya takwimu ikiwa kivulini, nikajipanga kivulini, na hadi leo sijajua kama nilikosea. (Vicheko.) Msicheke, hili ni janga la kitaifa! Utafiti wetu shirikishi, ambapo tuliwahoji vijana wawili waliokuwa wakipita karibu na ofisi, umebaini kwamba asilimia hamsini ya vijana hawajui wanataka kusomea nini, na asilimia hamsini iliyobaki ilikuwa na haraka. (Vicheko zaidi. Mkono umenyooshwa mstari wa mbele.)

Binti, itifaki hairuhusu maswali katikati ya hotuba, lakini kwa kuwa mimi ni kiongozi msikivu, sema. (Anasimama binti wa fundi cherehani: "Shikamoo mheshimiwa. Alama zangu zinatosha uuguzi, zinatosha na uhandisi wa maji. Mimi roho yangu iko kwenye maji, mama anataka uuguzi. Dirisha la maombi linafungwa leo saa kumi, na hii ni saa tisa na nusu. Likinipita, mwaka mzima nakaa nyumbani. Nijaze ipi?")

Marahaba. Ni swali zito, na nalipongeza. Kuhusu maji, serikali inayatambua. Kuhusu wagonjwa, serikali inawatambua pia, na imethibitika kwamba wagonjwa wanakunywa maji. Kwa hiyo ukilitazama suala hili kwa upana wake, kwa jicho la kimkakati, utaona kwamba swali limejijibu lenyewe. (Mama yake, kutoka nyuma: "Halijajijibu, baba! Uuguzi au maji?") Mama, tulia, tuko kwenye mchakato. Ndani ya Kituo, binti huyu angeketi kwenye kiti kinachozunguka, mfumo ungempima kipaji, hamu na kimo, kisha fani yake ingetokea kwenye skrini, kwa herufi kubwa, pamoja na picha yangu. ("Basi tuingie sasa hivi!" sauti nyingi.) Hatuwezi kukurupuka! Tunao mpango kazi, tunao mpango wa kuharakisha mpango kazi, na tayari tumefanya warsha hotelini ambapo washauri walielekezwa jinsi ya kuwaelekeza waelekezi. (Mtu anapaza sauti: "Saa kumi inafika!") Nashukuru kwa taarifa hiyo. Muda ni rasilimali, na mimi nitautumia wote.

Kabla sijakata utepe, tuseme pamoja. Nikisema "Fani!", mseme "Kituo kitajua!" Fani! (Kimya.) Kijana! (Kikohozi.) Maendeleo! (Kiti kinaanguka.) Ahsanteni kwa mwitikio huo wa nguvu.

Mwisho, nina shukrani. Namshukuru mwenye duka la samani aliyetuazima kiti kinachozunguka na skrini, ambavyo anavitaka leo hii. Naushukuru uongozi wa shule kwa kukubali utepe wetu ufungwe kwenye mlango wa stoo yao ya mifagio. Na kwa namna ya pekee namshukuru mke wangu, aliyekaa na binti yetu nyumbani mwezi uliopita wakamaliza maombi yake, kwani kama mzazi mwenye uchungu hakuona sababu ya mtoto kungojea Kituo ambacho, tukisema ukweli baina yetu, hakina mfumo, hakina mshauri, na hakijaombewa hata kiwanja. (Kelele. Vichwa vyote vinainamia simu. Mama anavuka viti, anamshika bintiye bega: "Jaza maji, mwanangu! Jaza maji, upesi! Uuguzi ulikuwa wangu mimi!")

Naona vijana wote mnajaza. Hayo ndiyo matunda ya Kituo, hata kabla hakijajengwa, na yataingia kwenye taarifa yangu ya mwaka. (Binti anaruka juu: "Imepokelewa! Mama, imepokelewa!" Ukumbi mzima unalipuka kwa vifijo na vigelegele.)

Ahsanteni. Ahsanteni sana. Jamani, inatosha, mtaniliza.