Kijiko Kimoja cha Samli

Jumatatu, Megabit 2
Mfungo umeanza. Siku hamsini na tano bila nyama, maziwa wala mayai, mpaka Pasaka. Mabucha yote ya mji wetu wa Debre Birhan yamefungwa isipokuwa langu. Marehemu baba alikuwa akifunga bucha na kulala tu mpaka sikukuu. Mimi si baba. Nimefungua saa mbili, nikanoa visu, nikasubiri. Wamekuja wawili. Wa kwanza aliuliza njia ya stendi. Wa pili alikuwa mbwa.

Ng'ambo ya barabara, kwa Asnakech mjane, hapana pa kukaa. Anauza shiro tu, lile rojo la unga wa dengu! Ikifika saa tisa watu wanatoka kanisani na njaa zao, foleni inavuka barabara hadi kwangu. Wanaegemea ukuta wangu wakimsubiri yeye.

Jumanne, Megabit 3
Mke wangu, Wubalem, anashauri tusage dengu na pilipili kama afanyavyo mama yake, tuuze unga wa shiro hapahapa buchani. Majirani wameshamwomba. Nimemweleza kwamba mtoto wa mchinjaji hapimi dengu kwenye mizani ya nyama. Akasema mizani haijui tofauti. Hana jicho la biashara, masikini.

Alhamisi, Megabit 5
Nimechora ng'ombe mlangoni kwa chaki, chini nikaandika: PASAKA YAJA, WEKA ODA MAPEMA. Wazee wanne walisimama kumtazama. Mmoja akasema ana miguu mitano. Wa tano ni mkia! Mchana Abba Zelalem, padri wetu, alituma ujumbe kwamba nawatia waumini majaribuni, nimfute. Nimemfuta. Mkia ndio uliogoma kutoka.

Jumamosi, Megabit 7
Wazo! Wubalem alikuwa akimenya bitiruti, nikadhani amejikata mkono. Nilipomaliza kupiga kelele nikaona mwanga. Bitiruti ikichemshwa, ikakatwakatwa ndogondogo, ikatiwa kitunguu na pilipili kali, ni kitfo tupu! Yaani ile nyama mbichi ya kusaga ambayo mji mzima unaiota sasa hivi. Kitfo ya mfungo! Wubalem atapika. Kazi ngumu, ya kufikiri, nimeshaimaliza mimi.

Jumatatu, Megabit 9
Mama mmoja amechungulia dirishani, ameona bakuli jekundu, amepiga yowe. Baada ya nusu saa Abba Zelalem kaingia na wazee wa kanisa nyuma yake. Akauliza kwa upole, "Gizachew mwanangu, unauza nyama katika mfungo?" Nikarudi nyuma ya mizani. Wubalem ndiye aliyekata kipande cha injera, ule mkate wetu laini kama chapati, akafinyanga tonge, akamlisha padri kwa mkono wake. Abba alitafuna taratibu. Akafumba macho. "Bitiruti," akasema. Wazee wakashusha pumzi. Kisha akaomba tonge la pili, kwa ajili ya uhakika. Na la tatu.

Saa kumi na moja bakuli lilikuwa tupu.

Alhamisi, Megabit 12
Mabenchi sita, yote yamejaa. Foleni sasa inaegemea ukuta wa Asnakech. Wubalem anaimba jikoni. Wazee wa kanisa wamesema ng'ombe wao wote wa Pasaka, wanane, nitachinja mimi.

Leo Asnakech amekuja mwenyewe kuonja. Alikula, akajifuta midomo, akasema, "Tamu, kaka Gizachew. Ila imepungukiwa na kitu." Akaondoka anatabasamu. Imepungukiwa na nini? Sikuweza kula.

Ijumaa, Megabit 13
Samli! Kitfo bila samli ni kachumbari. Wubalem alipotoka kuteka maji, nilitia kijiko kimoja cha samli yetu ya iliki kwenye sufuria. Kimoja! Kijiko kimoja si chakula, ni harufu. Watu wamelamba vidole. Wateja wanne wa Asnakech wamehama na vikombe vyao mkononi. Kama yupo aliyeitambua, hakusema. Wubalem mwenyewe kala sahani mbili, akasema leo Mungu kaubariki mkono wake. Sikumbishia.

Jumamosi, Megabit 14
Nilisahau baridi ya mji huu. Asubuhi mabaki ya jana yalikuwa yameganda, utando mweupe juu kabisa. Wubalem akaugusa kwa kidole. "Gizachew, hiki nini?" Nikasema ukungu. Akanusa. "Ukungu unanukia iliki?"

Anafunga tangu ana miaka saba. Hajawahi kuvunja hata siku moja, hata mwaka ule wa homa. Nilitarajia kelele, nikajiandaa kwa kelele. Alijitanda shuka lake jeupe, akabeba sufuria vilevile ilivyo, akaenda nayo kanisani akipita katikati ya soko. Saa sita mji mzima ulikuwa unajua.

Jumatatu, Megabit 16
Mabenchi matupu. Abba ameniamuru nisujudu mara mia kila siku, siku saba, mbele ya lango la kanisa. Magoti yameota vidonda. Wapita njia wananihesabia kwa sauti, na wanaruka hesabu ili nirudie. Wale ng'ombe wanane wamepewa bucha la soko la chini.

Wubalem sasa anapika kwa Asnakech. Nyumbani ananiwekea chakula, hanitazami. Leo nimemwomba msamaha. Akauliza, "Kwa lipi?" Nikasema kwa kijiko. Akasema, "Ningekuwa nakililia kijiko ningeshanyamaza. Uliniona nakula, ukaniacha nile."

Jumapili, Miyazya 27
Pasaka! Nilinunua ng'ombe mmoja, nikamchinja, nikafungua mlango. Nani atakuja? Wamekuja wote! Wametoka hata soko la chini kumwona mtu aliyetia samli kwenye mfungo. "Gizachew, leo hujatuchanganyia bitiruti kwenye nyama?" Wanacheka, wananunua, wanaitana. Saa nne asubuhi imebaki mifupa.

Katikati ya vurugu nikaona mkono umeshika mizani. Wubalem. Alijifunga aproni, akapima, akafunga, akapima. Wateja walipokwisha, alinitazama kwa mara ya kwanza baada ya siku arobaini na tatu. Akasema mfungo ujao atapika hapa, lakini kwa sharti: nisiingie jikoni. Nikaapa mbele ya mifupa. Nilitaka kulia, nikasingizia vitunguu. Hapakuwa na vitunguu.

Jumatatu, Miyazya 28
Nimetafakari tangu chai ya asubuhi. Jana foleni ile ililetwa na nini? Kijiko. Kwa hiyo wazo lilikuwa sahihi, kosa lilikuwa la hali ya hewa. Mfungo ujao, wa Mitume, unaangukia mwezi wa Sene, na Sene hakuna baridi kali. Samli haigandi.

Wubalem amesema nisiingie jikoni, na neno langu nitalishika. Hakusema lolote kuhusu dirisha.