Fukusi Sita wa Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo nimeaibika mbele ya maabara nzima. Nilidhani nimevunja rekodi.

Kazi yetu ni hii, niiandike nisije nikaisahau uzeeni. Daktari anachunguza fukusi wa mahindi. Ukimgusa fukusi kwa brashi, anakunja miguu, analala chali, anajifanya maiti. Wengine sekunde kumi, wengine dakika tano. Daktari huwatenga wanaolala muda mrefu na kuwazalisha wao kwa wao, apate kujua kama tabia hiyo imo katika damu. Tumefika kizazi cha kumi na moja. Chupa yao imeandikwa M. Mimi nawaita Ukoo wa Maiti. Bingwa wao alilala dakika tisa.

Leo wangu alilala saa nzima na dakika arobaini. Nilikaa naye, sikwenda hata kula. Nikamwita Daktari. Nikamwita na Bwana Jeni, kijana wa chumba cha pili anayesoma vinasaba kwa mashine, maana nilitaka awepo aone. Akainama kwenye hadubini, akasema kwa upole kwamba fukusi huyu amekufa. Kikwelikweli. Pengine tangu juzi.

Wote walicheka, isipokuwa Daktari. Alifungua daftari langu, akaona nimeandika kila dakika kwenye mstari wake, akasema daftari ni safi, ila siku nyingine nianze kwa kuhakikisha mdudu yu hai. Mwanamke huyu anaweza kumtazama fukusi mmoja nusu saa bila kukohoa. Nimewahi kumsikia akimwomba radhi mmoja aliyemgusa kwa nguvu.

Ijumaa wanakuja wakubwa wa utafiti kutoka makao makuu. Lazima nijisafishe kabla ya hapo.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mungu hamtupi mja wake. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, alinituma stoo ya uani nimteremshie gunia la mahindi. Nikaona vumbi, nikaona tundu, nikaona fukusi. Nikamgusa mmoja kwa kijiti cha meno. Akalala. Nikaangalia saa. Dakika kumi na nne!

Nikamgusa mwingine. Kumi na tatu. Nikasahau kabisa nilichotumwa. Mama mkwe akaja, akanikuta nimepiga magoti mbele ya gunia, akamwambia mke wangu kwamba mumewe amekuwa mtu wa ibada siku hizi.

Nimechukua sita, waliolala kuliko wote. Wamo kwenye kopo la dawa ya kikohozi. Wazuri ajabu. Wana pua ndefu kama wazee wa baraza.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimewatia kwenye chupa M. Daktari alikuwa kwenye simu, ameacha kabati wazi, Bwana Jeni alikuwa akinawa mikono. Ilichukua muda wa kupiga chafya.

Sioni ubaya. Timu ikiwa na wachezaji wazuri, unaongeza mshambuliaji mmoja, unaitwa mwalimu hodari. Mimi nimeongeza sita. Ijumaa wakubwa watashangaa, Daktari atapongezwa, nami nitasimama nyuma yake nikitabasamu kwa unyenyekevu. Nimeshaufanyia mazoezi kwenye kioo. Mke wangu kaniuliza kama jino linaniuma.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mambo hayaendi nilivyopanga.

Daktari alitoa fukusi thelathini kwenye chupa M na kuwapima mwenyewe. Nikasogea karibu, tayari kwa furaha. Ishirini na sita walilala kama kawaida yao. Wanne wakapita dakika kumi na mbili. Nikamwambia hongera. Akawapima tena wale wanne, kisha mara ya tatu, akaweka brashi chini.

Akasema, "Hawa ni wazuri kupita kiasi."

Sikujua kwamba uzuri una kiasi. Akaeleza kwamba tabia ya kurithi hupanda kidogo kidogo, kizazi hadi kizazi, kama mtoto anavyorefuka. Hairuki dakika tatu kwa siku moja. Akampelekea Bwana Jeni wale wanne.

Nikajitolea kufagia maabara, ambayo ilikuwa imeshafagiwa.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Bwana Jeni alikesha na mashine yake. Asubuhi macho mekundu, koti limekunjamana, na mimi, Mungu anisamehe, nilimheshimu. Kutoka kwenye mguu mmoja wa kila fukusi, mguu usiozidi uzi, amesoma ukoo mzima. Akasema wale wanne si ndugu wa chupa M, wala si binamu. Wametoka kwenye ghala au nyumba fulani. Tena wanabeba alama ya wadudu wasiokufa kwa vidonge vya kufukizia nafaka. Kidogo nimuulize kama mguu ulitaja na rangi ya mlango wetu.

Daktari alituita sote mezani. Nilingoja amtafute mkosaji. Hakumtafuta. Alisema chupa imeingiwa, ufunguo wa kabati hukaa kwake, kwa hiyo kosa ni lake, na atawaambia wakubwa hivyo hivyo saa nne. Bwana Jeni akamkumbusha kwamba wanaweza kufunga mradi. Akajibu, "Wafunge. Siwezi kumpa mkulima ushauri uliotokana na hesabu ya uongo."

Akasimama, akaanza kufuta jedwali ubaoni. Miezi kumi na tatu ya kazi. Alifuta polepole, safu kwa safu, bila kukunja uso.

Nilivumilia mpaka safu ya tatu. Kisha nikasikia sauti ikisema ni mimi. Ilikuwa yangu.

Nilieleza yote, gunia, kijiti, kopo la dawa ya kikohozi. Nilidhani atanifukuza. Akavuta kiti, akafungua daftari, akauliza: wangapi, siku gani, saa ngapi, gunia limekaa upande gani wa stoo. Aliandika kila neno. Mwisho akaniambia kwamba amekasirika sana, na kwamba ataendelea kukasirika kwa muda, ila sasa ana kazi.

Kumbe alihifadhi chupa mbili za kizazi cha kumi kwenye kabati jingine. Kwa kuwa siku ya kosa sasa inajulikana, tumepoteza wiki tano, si miezi kumi na tatu. Akawaambia wakubwa ukweli wote. Mkubwa wao, mama mnene mwenye miwani, akasema mtu anayefuta ubao wake mwenyewe hafungiwi mradi.

Adhabu yangu: kuosha chupa mia nne, na nisishike brashi mwezi mzima.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Daktari na Bwana Jeni wamekuja nyumbani kuliona gunia. Mke wangu alikuwa ameambiwa na mimi kwamba nimepandishwa cheo. Sasa anajua. Amenitazama kwa namna ambayo sitaiandika hapa.

Mama mkwe alidhani wamekuja kumshtaki kwa mahindi mabovu. Daktari akamwamkia, shikamoo mama, akaketi naye kwenye mkeka wa stoo, akamuuliza tu anaonaje. Mama mkwe akafunguka. Ameweka vidonge mara nne, wadudu wakapungua, wakarudi. Daktari akamwomba kwa adabu asivitumie tena karibu na watu, akaahidi kumletea mifuko isiyopitisha hewa.

Kisha mama mkwe akasema jambo. Fukusi wake hawaanzii popote. Wa kwanza akitoboa punje, kesho utawakuta kumi kwenye pembe ileile, magunia mengine yakiwa mazima. "Wanaitana," akasema. "Sisikii, lakini wanaitana."

Kalamu ya Daktari ilisimama hewani. Akamweleza kwamba ni kweli, dume hutoa harufu ya kuwaita wenzake, na watu wa vyuo walitumia miaka kulijua hilo. Akauliza yeye ameliona kwa muda gani. Mama mkwe akasema tangu ni mwali. Wakatazamana wanawake wale wawili kama watu waliopotezana sokoni. Nilijivunia wote wawili, ingawa hakuna aliyekuwa akiniangalia.

Wameondoka na fukusi arobaini kwenye chupa zilizofungwa kwa nta. Daktari anahitaji mia mbili ili kuchunguza ile alama ya kutokufa kwa vidonge. Ametukataza wote, akinitazama mimi, kuhamisha mdudu hata mmoja bila maandishi yake. Walipotoka tu, mama mkwe akalichoma gunia moto.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Chupa mia moja na kumi zimeoshwa. Bwana Jeni alikuja kunisaidia kufuta, bila kuombwa. Kijana mzuri. Nilimwonea bure.

Daktari anahangaika. Arobaini hawatoshi, na gunia ndiyo hivyo tena. Inaniuma kumwona hivyo, mtu muungwana kama yule.

Bahati nzuri, Jumatatu, wakati wakiongea na mama mkwe, nilichota konzi moja ya mahindi yale. Yamo kwenye chupa nne chini ya kitanda, nimewaongezea fukusi wake unga wapate nguvu. Wakifika mia mbili nitampelekea zawadi mezani. Mke wangu hajui chochote. Kifuniko cha chupa moja kimelegea kidogo, lakini nimewagusa wote kwa kijiti, na wamelala fofofo.