Cheche za Gari la Babu

Jumatano, 6 Agosti
Babu katoa tamko! Gari lake kuukuu, lililolala gerejini tangu mama akiwa binti, ni la yeyote atakayeliwasha kufikia Jumapili. Wagombea: mimi, na binamu yangu tunayemwita Msasa, maana kila kitu yeye anakisugua.

Nikafungua boneti. Lo! Chini ya kifuniko cha distributa, kile kigawa umeme cha injini, kuna platini: vichuma viwili vidogo, vinagusana, vinaachana, na kila vikiachana cheche inaruka. Basi! Lichuma lote lile linaishi kwa hivyo viwili. Nilibaki mdomo wazi mpaka nzi akaingia.

Ila platini ni mambo ya kizee. Mimi naweka kifaa cha elektroniki badala yake. Msasa akasema tusafishe zile zile. Nikamwambia akasugue masufuria.

Alhamisi, 7 Agosti
Kifaa kimefika! Kidogo kama kiberiti. Hakuna kinachogusana. Sumaku inapita tu, cheche hiyo! Nimekitazama mpaka chai ikapoa. Babu akaanza kunieleza kitu kuhusu betri, nikamwambia apumzike, ufundi nimezaliwa nao, umo damuni. Akasema sawa mjukuu wangu, lakini damu haijawahi kuwasha gari.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimefunga. Waya mweusi kwenye bodi ya gari, kama gari zote duniani. Nikaita watu. Shangazi akaja na kiti chake kabisa. Nikazungusha ufunguo.

Pss!

Moshi. Harufu ya plastiki. Shangazi akauliza kama ndiyo limewaka.

Babu alicheka mpaka akashika ukuta. Kumbe gari lake limefungwa kinyume! Bodi imeungwa kwenye chanya ya betri, si hasi. Zamani waliunda hivyo. Kifaa changu nimekikaanga mwenyewe. Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema alianza Alhamisi, akaambiwa apumzike.

Jumapili, 10 Agosti
Msasa karudisha platini. Kazisugua taratibu mpaka zikang'aa, kapima mwanya wake, kafunga. Mimi nilinuna pembeni, jicho moja kwenye injini.

Ikakohoa. Ikagoma. Ikakohoa tena... ikawaka! Jamani! Si kelele, ni mngurumo laini, kama mzee aliyekumbuka jambo tamu. Babu kaweka kiganja kwenye boneti, kafumba macho. Nywele zilinisimama. Nikasahau hata kununa. Vichuma viwili tu!

Ufunguo kapewa Msasa. Kiungwana, kaniketisha kiti cha mbele tukazunguka mtaa, ila kaniapisha nisiguse chochote.

Sikugusa. Nilitazama tu. Ndipo nikaona dashibodi ina tundu tupu, la redio kabisa. Na mimi chumbani ninayo redio, mpya, ya taa za buluu. Msasa kesho anashinda kazini. Babu alianza kusema kitu, nikamwambia apumzike, leo kachoka kwa furaha. Kazi yenyewe ndogo: waya mwekundu kwenye betri, mweusi kwenye bodi. Kama gari zote duniani.