Ziwa Iko, Maji Ndiyo Hakuna

Jumatatu, 13 Januari 2025. Koboko.

Dumo amerudi. Ole wangu!

Alimpeleka mkewe Sandra mpaka Jinja, kula Krismasi na kuona mahali Mto Nile unapoanzia. Leo tangu asubuhi hajauza hata msumari. Amesimama mlangoni mwa duka lake la vifaa vya ujenzi, simu mkononi, anawaonyesha wapita njia picha. Sandra na mto. Sandra na mashua. Sandra na samaki mkubwa kuliko mtoto wa shule. Kati ya duka lake na kibanda changu cha kutengenezea redio na simu kuna ukuta wa mabati tu. Nimesikia yote. Jioni akaingiza kichwa kwangu, akaniuliza kwa sauti ya upole, upole ule mbaya, eti fundi, mama watoto wako umeshamfikisha wapi?

Nikamjibu kwamba mambo yanapangwa.

Hayakuwa yanapangwa. Sasa yanapangwa!

Ukweli niuandike. Mke wangu Aidah nimemfikisha Inde, sokoni, kununua maharage. Na gunia alibeba yeye.

Jumanne, 14 Januari.

Nimepata! Simu ya mteja iliyokufa imefufuka mikononi mwangu, na kitu cha kwanza kilichotokea kwenye kioo ni tangazo: Hoteli ya Ziwa la Tausi, upande wa Ayivu, nje kidogo ya Arua. Maji ya buluu. Mashua nyeupe. Tausi amekunjua mkia wote. Jinja ni nini mbele ya tausi?

Nikapiga namba. Akapokea msimamizi, anaitwa Jale. Sauti ya furaha. Nikamwambia mimi ni mgeni mheshimiwa kutoka Koboko. Akauliza mheshimiwa anafanya kazi gani. Nikasema fundi. Hapo hapo akasema televisheni zake zote zimekufa. Tukaelewana pale pale: natengeneza televisheni, tunalala bure. Aidah hataambiwa. Haifai mke ajue kwamba raha yake imelipwa kwa bisibisi.

Wakati wa chakula nikamtangazia. Ziwa, mashua, tausi. Hakuruka kwa furaha. Aliuliza nani atapika chai. Aidah anauza chai na chapati kwenye paki ya mabasi. Mabasi ya Kampala yanaondoka alfajiri, kwa hiyo yeye anaamka kabla ya jogoo, kila siku, tangu mwanetu Siraji azaliwe. Nikamwambia abiria watakwenda bila chai, hakuna aliyekufa. Akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Aliyetuokoa ni mama mkwe, Mariam Poni. Alikuwa amekuja kuchukua ndoo yake. Akasema watoto watakaa kwake, na chai atapika jirani yake. Halafu akamwambia bintiye aende upesi, kabla huyu hajabadili mawazo. Huyu ni mimi. Mungu ambariki mama huyu hata hivyo.

Nikaenda kibandani, nikajifanya napiga simu karibu na mabati. Nikasema kwa sauti kubwa: ndiyo, chumba kinachotazama ziwa, na tausi asilale mapema. Upande wa pili nyundo ikanyamaza. Furaha iliyoje!

Alhamisi, 16 Januari. Ayivu.

Naandika nimekaa kwenye ngazi ya hoteli. Moyo umevunjika.

Kwanza tulifika vizuri. Jale akatupokea kwa mikono miwili, akatupa maji baridi, akamwita Aidah mama mheshimiwa. Nikamwomba atuonyeshe ziwa. Akatupeleka nyuma ya nyumba, tukasimama mbele ya shimo kubwa la udongo mkavu uliopasukapasuka. Katikati amelala mbuzi.

Nikauliza ziwa liko wapi.

Jale akanyoosha mkono kwa fahari. "Ziwa iko, fundi. Maji ndiyo hakuna."

Kiangazi, akaeleza. Mashua nayo iko, ila imejazwa udongo na kupandwa vitunguu, na vitunguu vimekubali sana. Nikauliza tausi. Akavua kofia. Tausi alifariki kabla ya Ramadhani iliyopita. Amebaki bata mzinga, ambaye Jale anasema ni kama ndugu yake. Hana hata sura ya ukoo! Na picha ile ya tangazo? Jale alikiri bila kuhangaika kwamba aliipiga kutoka kwenye kalenda.

Nikaogopa kumtazama mke wangu. Nilipomtazama, alikuwa anaangalia mbuzi. Hakusema neno. Akaingia chumbani. Chumba ni kisafi, hilo nalishukuru: shuka nyeupe, chandarua kizima, dirisha linatazama mashamba ya mihogo. Akabonyeza godoro kwa kiganja. Akajilaza na kitambaa chake kichwani, akageukia ukutani, akalala. Saa kumi ya jioni!

Nimeelewa. Amekasirika. Aidah akipiga kelele hakuna hatari, tumeoana muda mrefu. Akinyamaza ndipo nyumba inaungua.

Ijumaa, 17 Januari.

Hajaamka!

Alfajiri nikatoka kimyakimya na bisibisi. Nikatengeneza televisheni ya mapokezi na mbili za vyumbani. Jale akaongeza pasi yake mbovu. Halafu redio ya mama yake. Nikarudi mbio nikiwa na uongo tayari mdomoni, kwamba nilikwenda kunyoosha miguu. Amelala. Nikaenda Arua kuswali Ijumaa, nikaomba mvua. Nikarudi. Alikuwa ameamka, amekula maharage ya simsim, yaani ya ufuta, na ugali wa mihogo, amemwambia Jale ahsante, na amelala tena.

Mtu mzima anaweza kulala hivi? Hofu ikaniingia. Niliinama nikaweka kioo cha simu chini ya pua yake. Kikapata ukungu. Alhamdulillahi! Nilikaa chini sakafuni, kando ya kitanda. Nikamtazama. Ana mvi pembeni ya sikio. Sikujua.

Basi lazima nimfurahishe. Na Dumo anasubiri tausi. Ameshaniandikia mara tatu akiuliza kama ndege huyo ana haya.

Mapokezi kuna chombo chenye manyoya ya marehemu tausi. Nikayaazima. Nikayafunga kwa mpira wa tyubu, nikamfuata bata mzinga nyuma ya jiko, nikamzungumzia kwa heshima. Hakutaka heshima. Tulizunguka jiko, tukapita ndani ya vitunguu, mwishowe nikamvika. Nikapiga picha moja kabla hajaning'ata kidole gumba. Picha ina ukungu kidogo, nikaona ni bora, watu hawatachunguza. Nikaiweka kwenye stetasi ya simu, waione wote: Mimi na tausi, ziwani.

Kabla sijaiweka simu mfukoni Dumo akajibu. Anauliza kwa nini tausi wangu amevaa tai nyekundu shingoni. Kisha akauliza kama ndege huyo mgonjwa amelazwa hospitali au anatibiwa nyumbani. Halafu kinyozi naye akaandika. Halafu mwalimu wa madrasa! Koboko nzima inacheka. Kidole kimevimba.

Jumamosi, 18 Januari.

Leo niandike polepole. Imekuwa siku kubwa.

Jale aliniambia, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, kwamba karibu na kijito kuna pampu ya zamani. Ikipona, ziwa linajaa. Damu ikanichemka. Mpango ukaja wenyewe: najaza ziwa wakati Aidah amelala, nampakia mashuani pamoja na vitunguu, anafumbua macho yuko majini, napiga picha, Dumo anazimia.

Nikafungua pampu, nikasafisha, nikaunganisha, nikafunga bomba kwa ile tyubu. Jale akasoma dua ya kwao, mimi ya kwetu. Nikaiwasha. Ikakohoa. Ikanguruma! Bomba likavimba kama chatu aliyemeza mbuzi, kisha likapasuka pale pale nilipofunga mimi. Tope likaruka mpaka juu ya paa. Likanipiga usoni. Likampiga mbuzi. Likazipiga shuka zote za Jale zilizokuwa zimeanikwa. Jale akapiga yowe, mbuzi akapiga yowe, na mimi sikuwa nyuma.

Aidah akatoka barazani.

Nilisimama mbele yake, tope kuanzia kichwani mpaka viatuni. Nikasubiri. Akaweka mkono mdomoni. Mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, nikasema yamekwisha, leo ananiacha. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka akakaa chini, akashika nguzo, akaniita nisogee anione vizuri, akaanza upya.

Nikaona heri niseme yote. Nikaomba msamaha kwa ajili ya ziwa. Na mashua, na tausi. Nikakiri habari za televisheni.

Akasema za televisheni alizijua tangu Koboko. Bisibisi niliifunga ndani ya kanzu yangu, na kanzu aliikunja nani?

Halafu akaacha kucheka, akaniambia maneno haya. Nayaandika kama alivyoyasema.

"Baba Siraji, mimi sikuja kuona maji. Maji nachota kila siku. Toka Siraji azaliwe, sijapata kusikia jogoo nikiwa kitandani. Jana amewika, nikamwambia wika tu baba, leo mimi siko kazini. Nikageuka upande mwingine." Akapangusa tope kwenye nyusi zangu kwa ncha ya kitambaa chake. "Ahsante kwa kunileta."

Ahsante! Alivyoisema, ungedhani nimemjengea nyumba ya tofali. Nikafuta macho. Tope lilikuwa limeingia machoni. Yote mawili.

Akanimwagia maji ya ndoo, akanisugua mgongo. Nikamsaidia Jale kufua shuka upya, na hakutulaumu hata kwa nusu ya neno. Jioni tukakaa ukingoni mwa shimo, miguu tumeining'iniza kana kwamba maji yapo, tukala mihogo ya kuchoma. Aidah akaanza kuigiza makondakta wa mabasi ya Kampala, mmoja mmoja, na abiria mwenye kuku, na askari anayetaka chai ya bure. Tumbo liliniuma kwa kucheka. Miaka yote hii nilikuwa nakaa na mtu huyu, na mimi nasikiliza redio za watu.

Mungu, nakushukuru kwa mke huyu. Nakushukuru kwa Jale. Bata mzinga simshukuru, ila nimemsamehe.

Jumapili, 19 Januari. Koboko.

Tumerudi. Asubuhi nilibadilisha bomba, pampu ikakubali, na tulipoondoka ziwa lilikuwa na maji kama upana wa mkeka. Mbuzi amechukia. Jale alitufungia vitunguu vya mashuani.

Dumo alikuwa mlangoni, amejiandaa, na watu amewakusanya. Nikainamisha kichwa kupokea adhabu yangu. Lakini Sandra alimwahi. Alipita katikati yao na beseni lake la nguo, akamwuliza Aidah huko aliona nini.

Aidah akamjibu: "Nililala."

Sandra akatua beseni. Akauliza kulala vipi. Kulala tu? Mchana? Hakuna mtu anakuamsha?

Kisha yakamtoka. Akasema Jinja Dumo alimwamsha kabla ya jua, eti mwanga mzuri wa picha. Simama hapa. Geuka. Cheka. Panda jiwe lile. Viatu vilimkata, na kila mara mto ulikuwa mgongoni kwake kwa sababu uso lazima uangalie simu. "Mto wenyewe nimekuja kuuona hapa Koboko," akasema, "kwenye simu yake." Akataka namba ya Jale.

Watu wakatawanyika. Upande wa pili wa mabati kukawa kimya. Nilikuwa nimengoja kimya hicho kwa miaka! Ajabu, hakikunipa raha. Nikachukua chai ya Aidah nikampelekea Dumo kikombe. Akapokea kwa mikono miwili. Akaniuliza, kwa upole wa kweli sasa, kama huko vyumba vina chandarua.

Jumatano, 22 Januari.

Jale amepiga simu. Dumo na Sandra wako kwake. Sandra amelala, Dumo anaondoa magugu kwenye mashua. Ziwa linamfika mbuzi magotini. Jale anasema ananiombea kila siku, na mama yake ananiombea kwa ajili ya redio. Nimefarijika sana. Mtu kuombewa Ayivu si jambo dogo.

Aidah amerudi kwenye chai yake. Leo alikuwa anasinzia na chapati mkononi. Mama mkwe ameniita pembeni akaniuliza kwa nini nisiamke mimi, siku moja tu kwa wiki, nikapika ile chai, yeye abaki kitandani. Nilimsikiliza kwa adabu. Lakini ni wazo dogo! Mama huyu hajasafiri.

Mimi nimewaza kikubwa. Mke wangu anapenda usingizi, nimeshaelewa. Basi nimetafuta mahali pazuri kuliko pote katika West Nile, eneo letu hili, pa kulala: juu kabisa ya Mlima Wati. Upepo baridi, nyasi laini, hakuna basi, hakuna jogoo. Nimeona picha. Shida ndogo tu ni kwamba mlima unapandwa kabla jua halijawa kali, na kutoka hapa ni mbali, kwa hiyo itabidi tuondoke saa saba ya usiku na kupanda kwa miguu mpaka kileleni. Akifika atalala vizuri ajabu.

Sijamwambia, nataka ashtuke kwa furaha. Nimetega kengele kwenye simu yake, chini ya mto wake, sauti nimeiweka ya juu kabisa.