Nyota Baldomero, Iliyookotwa Pipani

Jumatatu, 4 Machi
Msiba! Makala ya Daktari Ximena inatumwa Ijumaa. Nimechungulia ukurasa wa mwisho, ule wa shukrani. Edelmira wa jikoni yumo, eti kwa empanada zake, zile sambusa za kuoka. Mimi, mlinzi wa mlango wa kituo hiki cha wanajimu wa nyota miaka kumi na moja, simo! Edelmira kaniuliza kama Ulaya nako wataisoma. Mchawi.

Jumanne, 5 Machi
Nimemuuliza Daktari wanatafuta nini hasa. Kasema nyota pacha, katika Wingu Dogo la Magellan, galaksi kibeti jirani yetu. Nyota moja imekufa lakini bado inamnyonya mwenzake, na ikimeza hutoa eksirei kali. Nikamwambia ndoa yangu ya kwanza hiyo. Wanazihesabu moja moja. Basi atakayeleta mpya ataachwaje nje ya shukrani?

Jumatano, 6 Machi
Nimeipata! Pipani! Picha iliyopigwa na darubini yao iliyoko angani, imechapwa, imekunjwa, imetupwa. Nyota zao vinukta kama viroboto, na pembeni duara jeupe kama sinia. Vipofu! Wametupa kubwa kuliko zote. Nimeificha kofiani. Daktari kutwa anapekua madroo, kapoteza hesabu zake za penseli. Edelmira kauliza mbona kofia inachakarisha. Nikasema mvi zinaota.

Alhamisi, 7 Machi
Saa ya chai, mkate na parachichi mezani, wote wapo. Nimesimama. Nimetangaza Nyota Baldomero. Edelmira kapiga makofi peke yake, polepole.

Daktari kasema kwa upole, Don Baldo, hiyo si nyota. Ni mwanga wa nyota nyingine kali, haimo hata pichani. Umepita kando ya vioo vya darubini ukajimwaga hapo. Tunazitupa kila wiki. Edelmira kadakia: “Kumbe imeingia kwa mlango wa uani, na bawabu kalala!” Wamecheka mpaka chai ikamwagika.

Ndipo Daktari akageuza karatasi. Akapiga yowe. Nyuma, hesabu zake za penseli! Kanibusu upara.

Ijumaa, 8 Machi
Nimo! “Tunamshukuru Baldomero Zepeda.” Lakini wamepanga kwa alfabeti ya majina ya ukoo. Edelmira Araya wa kwanza, mimi mkiani! Kanipa empanada ya pole. Nimeila kwa hasira, mbili.

Jumatatu naenda ofisi ya usajili, kuulizia kama naweza kuitwa Abarca. Na ile ilikuwa nyota, wivu tu. Leo pipani nimekuta duara jingine, kubwa zaidi. Limo kofiani.