Mstari Wangu wa Kahawa

Jumamosi, 5 Julai

Siku kubwa. Nimepewa mstari!

Baada ya chai Mama mkwe alituita uani, mimi na Fredy. Fredy ni mwanyumba wangu: mimi nimemwoa Limi, yeye kamwoa Hosiana, mdogo wake Limi. Mtu wa Mbinga. Suruali zimenyooshwa pasi hata za shambani. Simchukii. Namvumilia, kwa jitihada.

Mama mkwe amesema magoti yamechoka. Kahawa aliyoipanda marehemu baba mkwe nyuma ya nyumba, hapa Ushirombo, wilayani Bukombe, haipati mnunuzi wa maana. Mwaka huu ndio wa mwisho kujaribu. Kuna mama wa Kahama, Bi Shadya, anafungua mgahawa wa kahawa pale Nyahanga. Atakuja tarehe 16 Agosti kuonja. Akiipenda, miti inabaki. Asipoipenda, linaingia shoka, na mwakani hapo ni mahindi.

Kwa hiyo ametugawia mistari ya miti. Mmoja wake, mmoja wa Fredy, mmoja wangu. Kila mtu achume zilizoiva na aziandae anavyojua.

Hilo "anavyojua" alilisema akimtazama Fredy. Limi anasema nimeota.

Nilimwambia Mama mkwe asiwe na wasiwasi, mimi nimeshughulika na dhahabu Geita miaka tisa, kahawa hainishindi. Fredy akauliza iko wapi. Nini? Dhahabu. Swali la mtu asiye na adabu.

Jumatatu, 7 Julai

Fredy amekuja na mashine ya kumenyea, ya kuzungusha kwa mkono. Akamweleza Mama mkwe kama mwalimu: kwao Mbinga wanaondoa ganda jekundu, wanaloweka punje mpaka ule ute unaoteleza uachie, wanaziosha kwa maji safi, ndipo wanaanika. Kahawa inatoka safi mdomoni, yenye ukali mtamu kama chungwa. Hapa kwenye joto, akasema, kuloweka siku moja na kidogo inatosha.

Mama mkwe alimsikiliza kashika shavu. Yeye mwenyewe hana mbinu yoyote. Anamwaga matunda mazima juu ya jamvi, pamoja na ganda lake, anayageuza kwa mkono. Basi. Nilimwonea huruma.

Mpango wangu: njia ya Fredy, ila zaidi. Kama siku moja na kidogo inasafisha, siku tano zinasafisha mara nne. Hesabu ya darasa la pili. Sina mashine, nimetwanga taratibu kwenye kinu. Nimetia debe zima kwenye pipa la plastiki, nimefunika, nimelificha nyuma ya choo. Fredy asije akaniiga.

Jumamosi, 12 Julai

Nimefungua pipa.

Mbwa wa jirani aliondoka. Jirani mwenyewe akaja kuuliza, kwa upole, kama tumefiwa na mnyama.

Limi anasema ni vitunguu vilivyosahaulika kwenye gunia. Fredy alikuja, akanusa, akasema kwa sauti ya chini (hakuna kinachoniumiza kama sauti yake ya chini) kwamba zimechacha kupita kiasi, na harufu ile ikishaingia ndani ya punje haitoki hata ukiosha. Nikamwambia ndivyo nilivyopanga.

Nimeosha maji saba. Nimeanika. Kwenye mfuko nimeandika MAALUMU. Mikono bado inanuka. Limi ameuhamisha mto wake.

Jumatatu, 14 Julai

Ugunduzi! Nilikuwa kwenye migomba, kwa shughuli zangu, Fredy akawa anaongea na simu na mtu wa kwao. Nikasikia kwa masikio yangu: kuna njia ya tatu, ya katikati, inaitwa njia ya asali. Wanunuzi wakubwa wanaipenda mno. Zaidi sikusikia kwa sababu nilikanyaga ndoo.

Asali! Na mimi niko wapi? Bukombe! Mapori yote haya yamejaa mizinga. Fredy atahangaika, mimi asali iko mlangoni.

Nimekwenda kwa mzee mmoja mfuga nyuki, nimerudi na lita tano. Nimempa saa yetu ya ukutani. Limi bado hajaona.

Jumatano, 16 Julai

Niandike yaliyotokea kwa mpangilio.

Saa mbili asubuhi: nimemenya debe la pili. Nimemwagia asali yote. Nimekoroga kwa mwiko wa ugali. Punje zikang'aa juani mpaka nikakumbuka Geita. Nikazitandaza kwenye kichanja, pembeni ya ua.

Saa tatu: wanajumuiya wamefika kusali kwa Mama mkwe. Wameketi uani. Sikuambiwa.

Saa tatu na nusu: nyuki.

Sijui walitoka wapi wote wale. Nadhani na wale wa yule mzee walikuja, wameijua mali yao. Akina mama walikimbilia jikoni. Katekista alikimbia na kiti chake, akaumwa sikioni. Waliodungwa jumla watatu, sio wengi. Mama mkwe hakukimbia. Alijifunika kanga kichwani, akabaki kwenye mkeka, akaendelea na litania peke yake, akijiitikia mwenyewe mpaka mwisho.

Fredy akaja baadaye kunieleza. Asali ni jina tu! Unaondoa ganda, unauacha ule ute wa tunda juu ya punje, haoshi mtu, unaanika hivyo hivyo. Ukikauka unanata kama asali, na utamu wake unaingia kwenye kahawa. Hamna asali yoyote. Nikamuuliza kwa nini hakusema mapema. Akasema alitaka kunieleza juzi, ila aliona nina shughuli kwenye migomba.

Kumbe aliniona.

Zilizobaki zimeliwa na siafu. Mchana Limi akauliza saa ngapi, akageuka kutazama ukutani. Sitaandika zaidi kuhusu leo.

Ijumaa, 18 Julai

Nimetulia. Nimewaza. Limebaki debe moja kwenye mstari wangu, na njia moja tu: ya Mama mkwe. Tunda zima na ganda lake. Ila mimi nitaiboresha! Jamvi chini ni mambo ya zamani. Kahawa inataka hewa juu na chini.

Nikampigia Marwa. Tulichimba wote Geita. Siku hizi yuko Nkome, kwenye biashara ya dagaa. Nikamwomba wavu. Leo gari la dagaa lililokuja sokoni limeniletea nyavu mbili kubwa za kuanikia. Bure! Marwa ni ndugu. Amesema amezikung'uta vizuri.

Nimenusa. Ni harufu ya ziwa kidogo tu. Jua litaitoa.

Nimezifunga kwenye miti minne, usawa wa kiuno. Matunda yangu yamelala hewani kama wafalme. Fredy alipita, akavuta pumzi, akaharakisha hatua. Wivu.

Paka sita wamekuja kukaa chini ya wavu. Nafikiri ni kivuli.

Jumapili, 27 Julai

Baada ya Misa nilikaa na Mama mkwe kwenye jamvi lake. Nilitaka kumpa ushauri.

Anaanza asubuhi umande ukikauka. Anageuza kwa kiganja, pole pole, kila jua linaposogea. Tunda lenye doa anatoa. Lililopondeka anatoa. Jua likipungua anafunika kwa turubai na kuweka mawe pembeni. Kesho tena. Wiki ya tatu hii. Matunda yamekuwa meusi, yamekunjamana kama tende, na yananukia hivyo hivyo.

Akanisimulia kwamba baba mkwe alileta miche ile kwa baiskeli kutoka Biharamulo, imefungwa magunia mabichi. Njiani maji ya kunywa aliyamwagia miche yote, akafika midomo imepasuka. Yeye alimgombeza sana. Alikuwa anasimulia huku mkono unapita juu ya kahawa, kama anambembeleza mtu alale.

Nilitaka kusema neno zuri. Nikasema majamvi yamepitwa na wakati.

Akacheka. Akauliza kama nimekula. Huwa anauliza hivyo. Tangu niliporudi kutoka Geita na begi moja na tochi, hajawahi kuniuliza swali lingine.

Jumamosi, 16 Agosti

Siku yenyewe. Niandike yote kabla sijalala.

Bi Shadya amefika na pikipiki, baibui limejaa vumbi, mkononi kisanduku cha vikombe. Baba yake aliuza kahawa kwa birika Kahama maisha yake yote. Hataki maneno mengi. Alikuta Limi na Hosiana wameshatwanga na kupepeta kila fungu peke yake. Akakaanga mwenyewe, konzi moja moja, moto ule ule, akasaga, akamwagia maji ya moto. Vikombe vinne mezani: cha Fredy, cha Mama mkwe, viwili vyangu. Kwa idadi nilikuwa naongoza.

Anaonja kwa kijiko, anafyonza kwa kishindo mpaka watu wa barabarani wanageuka. Fredy akaninong'oneza kwamba ndivyo wanavyofanya. Sikumuuliza.

Cha Fredy: alitikisa kichwa taratibu, kukubali. Safi, akasema. Nyepesi, ina uchachu mtamu, unaionja punje yenyewe bila kitu kingine.

Cha Mama mkwe: alifyonza. Akarudia. Akarudia tena. Akasema hii ni nzito, tamu, ina tende na zabibu ndani yake, kwa sababu punje imekaa mwezi mzima ndani ya tunda lake ikinyonya utamu. Akauliza nani aliyekuwa anageuza. Mama mkwe akainua kiganja.

Cha pipa, yaani MAALUMU: alitema. Akaomba maji. Akasema kitunguu na siki. Limi akanitazama.

Kisha kile cha wavu. Akafyonza. Akakiweka chini. Akakichukua tena, akanusa, akatutazama mmoja mmoja.

"Samahani," akasema, "nani kaweka supu hapa?"

Hata Fredy aliangalia viatu vyake.

"Ni kahawa, Bi Shadya," nikasema. "Ni yangu."

"Umeianika wapi, baba?"

Nikasema. Akacheka mpaka akafuta machozi na ncha ya mtandio, lakini si kicheko cha kuumiza. Akanieleza kwamba kahawa inapokauka inavuta harufu ya chochote kilicho karibu nayo, ndiyo maana baba yake hakuihifadhi hata kwenye chumba chenye sabuni. Miti ile ile, udongo ule ule, akasema, na tazameni ladha nne. Hajawahi kuona.

Halafu akageuka kwa Mama mkwe. Anachukua yake yote na ya Fredy yote. Na ya mwakani. Na akaomba kwa heshima miti isiguswe.

Hosiana akapiga vigelegele. Fredy akanikumbatia, nikashtuka, nikamkumbatia. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba kuangalia kitu ambacho hakikuwepo.

Niliporudi kukusanya vikombe nilimkuta Mama mkwe peke yake mezani. Anakunywa kile cha wavu. Amekifikisha nusu.

"Mama, acha tu, jamani. Hiyo ni mbaya."

"Mbaya kweli kweli, baba," akasema. "Ila umeiamkia mwezi mzima. Siwezi kuimwaga."

Akakimaliza mpaka machicha. Akafuta mdomo. Akaniambia wabeja, asante ya kwao, ile wanayoitoa kwa mtu aliyewaletea kitu kizuri.

Nimeandika kama alivyosema. Sijaongeza.

Jumatatu, 18 Agosti

Mama mkwe amenikabidhi kazi! Ya mchumo wa mwisho, kwenye mistari yote mitatu. Fredy anarudi kwenye shughuli zake, mimi ndiye wa jamvi. Kazi yenyewe ni kugeuza. Kugeuza tu. Hakuna kutia, hakuna kufunga, hakuna kuboresha. Alinitaka nirudie maneno yake. Nikayarudia. Limi alikuwa shahidi.

Nimeguswa sana. Mimi ni mtu mpya. Nimegeuza kutwa kwa kiganja, pole pole, kama yeye. Nimeelewa sasa. Uvumilivu ndiyo siri yote.

Jumatano, 20 Agosti

Mgongo!

Siku tatu za kuinama. Leo nikawa najinyoosha kwenye ukuta, nikawaza. Kugeuza ni lazima, sawa, sipingi. Lakini nani kasema lazima ageuze mtu? Ni kiumbe gani anayechakura chini kuanzia asubuhi mpaka jioni, hachoki, halalamiki mgongo, na hakuna anayemwamrisha?

Kuku!

Nimemwendea jirani. Ameniazima kumi na moja na jogoo. Mpango: natawanya mtama katikati ya kahawa, wao wanachakura kuutafuta, kahawa inageuka yenyewe juu chini, kona zote, bila mimi kuinama. Sijatia kitu kwenye kahawa. Sijafunga kitu. Nimerudia maneno ya Mama mkwe kichwani mara mbili na hakuna mahali alipotaja kuku.

Limi ameuliza kuku akishakula mtama huwa anaacha nini nyuma yake. Nimemwambia anaanza kufikiri kama Fredy.

Mama mkwe kesho asubuhi anakwenda Kahama kwa Bi Shadya kuona mgahawa, atarudi jioni. Atakuta kahawa imegeuzwa kuliko alivyowahi kugeuza yeye maisha yake yote. Nitakuwa nimekaa kivulini, nimevaa shati jeupe.

Saa mbili kamili nawafungulia.