Mkuu wa Usalama Ndani ya Shimo la Samadi

Jamani, leo nimeaibika mpaka viatu. Afadhali niwaambie mwenyewe kabla hamjatumiwa video.

Mnajua kikundi chetu cha vijana wa kanisa hapa Kiminini huunda roketi ndogo, zile za karatasi ngumu na injini ya baruti isiyozidi kidole. Leo tulienda kurusha moja Naitiri, kwenye shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa. Mzee Wafula, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, alikuja kujionea. Alikuwa ameshasema wazi: mambo yakiharibika, roketi zimekwisha. Kwa hivyo mkuu wa usalama alikuwa na kazi. Mkuu huyo ni mimi (mlitarajia nani?).

Nilifika mapema. Nikafunga kamba hatua ishirini kutoka kwa mtambo wa kurushia. Pembeni niliona shimo la samadi limejaa mvua ya juzi, nikalizungushia kitambaa chekundu kwa mikono yangu hii. Nikavaa koti la kung'aa, nikaning'iniza filimbi shingoni, nikahutubu.

"Roketi ikipanda, hakuna kuifuata. Mtu asisonge mpaka nipulize filimbi. Hata mkisikia nini. Tumeelewana?"

"Ndiyo, Ticha."

(Niliwarudilia mara nne. Mnione.)

Mzee akaomba. Aliombea roketi, akaombea shamba, akaombea mbolea ifike mapema, akarudi kwa roketi. Amina. Nafula, msichana wa gredi ya saba, akabonyeza swichi.

Ilipanda. Moshi mwembamba mweupe, kisha kimya. Kule juu kabisa parachuti ikafunguka, ile tuliyoshona kutokana na mwavuli wa marehemu nyanya yangu, wenye maua. Maua yale yakaelea polepole upande wa Mlima Elgon, jua likipenya kitambaani, na mimi nikawa mtoto tena, nimeshika gauni lake tunatoka sokoni, mvua inanyesha na hainipati. Nilimpenda sana nyanya. Upepo ukayasukuma maua, nami nikaenda nayo, uso juu. Miguu ilijiendea tu. Nakumbuka kitu chekundu kikinigusa goti. Nilikisukuma kando kama pazia.

Chubwi.

Samadi ilinifika kifuani. Nilipofungua macho, vijana kumi na wanane walikuwa wamesimama wima nyuma ya kamba.

"Nafula, leteni mti mnitoe!"

"Ticha, si ulisema tusisonge mpaka filimbi?"

"Nilisema, lakini sasa kujeni, bana!"

"Ulisema hata tukisikia nini."

Nikapapasa filimbi, nikaifuta, nikapuliza. Haikulia. Ilitoa kitu kingine, nacho kilinirudia usoni. Wakati huohuo roketi ikamaliza safari yake taratibu, na mwavuli wa nyanya ukanifunika kichwa.

Mzee Wafula ndiye alinivuta kwa fimbo yake. Niliogopa kweli. Miezi yote ile watoto wakikata karatasi na kubandika gundi, na mimi ndiye nimewaharibia. Mzee akawatazama wao kwa muda mrefu. Akanitazama mimi kwa muda mfupi.

"Hawa watoto wako na nidhamu," akasema. "Warushe tu. Lakini wewe, hiyo siku ingine utakaa nyuma ya kamba, na huyu Nafula akushike mkono."

Koti langu liko nje kwenye uzio, mama amekataa liingie nyumbani.

Na nyinyi mnaosoma, mtu asicheke. Sijapuliza filimbi.